Mgeni wa Saa Nne na Robo

Karani wetu wa mapokezi ana ugonjwa wa kusoma kwa sauti. Akikutana na kitu kwenye simu hawezi kukimeza peke yake. Iwe tangazo la kifo, iwe paka aliyevaa kofia, lazima atugawie. Jumanne hiyo aliingia maabara wakati wa chai, kikombe mkono huu, simu mkono ule, macho yamelowa.

"Jamani, sikilizeni hii. Inaliza."

"Kama ni paka tena, geuka ulikotoka," nilimwambia.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nina stashahada yangu ya chuo, nina miaka kumi na sita kwenye kigoda kile kile, na asubuhi hiyo nilikuwa na chupa ishirini na mbili za damu za kumaliza kabla ya mchana. Sikuwa na nafasi ya kulia.

"Si paka. Ni mama mmoja hivi, kaandikiwa barua. Sikiliza." Akajikohoza kama mtangazaji. "'Kwa mama anayekuja hapa kila siku ya kazi saa nne na robo asubuhi. Hujui kuwa nakuona, lakini nakuona. Unakaa dakika kumi na mbili, kisha unaondoka. Ukurasa wa watoto wanaokojoa kitandani umeusoma mara arobaini na moja.'"

Nilikuwa nimeshika chupa. Nikairudisha mahali pake.

"'Jumatatu uliandika: mtoto ana miaka kumi na tatu bado anakojoa kitandani, muhula ujao anakwenda bweni, nifanyeje jamani. Jumatano uliandika: godoro la tatu hili. Ijumaa uliandika: nimemwahidi sitamwambia mtu. Mama, vua hilo koti lako jeupe, keti, uniache nikukumbatie. Mwanao si mvivu, na wewe si mama mbaya.'" Karani akafuta macho kwa kiganja. "Yaani huyu Mama Mdogo ana moyo! Mtu hata hamjui jina, kamwona tu, kamwandikia barua."

Maneno yale yalikuwa yangu. Sisemi yalifanana na yangu. Yalikuwa yangu, mpaka lile "jamani".

"Iliandikwa lini?" nikauliza.

"Jumapili ile nyingine, si hii ya juzi. Umechelewa, mwenzangu. Imesomwa na watu elfu kumi na moja. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Mwanga wa taa," nikasema. Nikamgeuzia mgongo, nikahesabu chupa zangu upya, na nikapata ishirini na moja, kisha ishirini na tatu.

Mama Mdogo ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Mama yetu alipougua nilikuwa na miaka kumi na tisa naye kumi. Mimi ndiye niliyemsuka, niliyemfulia, niliyemhimiza kwenda shule kwa fimbo ya mdomo mpaka akamaliza. Ana ulimi mtamu tangu utotoni. Miaka mitatu iliyopita alifungua tovuti yake mwenyewe, ya kina mama: homa za watoto, chuchu zilizopasuka, waume wanaokoroma, kila kitu ambacho mtu anaona haya kumuuliza jirani. Aliipa jina ambalo mwanangu humwita, Mama Mdogo. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza aliandika: "Hapa hakuna anayekujua. Soma kwa amani."

Siku alipoifungua alituma linki kwa ndugu wote, lakini si linki moja kwenye grupu la familia. Kila mtu alitumiwa yake. "Hii ni yako, dada," aliniambia. "Ingia kwa hii hii kila siku, usitumie nyingine." Nikaiona kama kikombe cha mtu nyumbani: hiki cha baba, hiki cha mgeni, hiki changu. Nikaiweka kwenye uso wa simu ili nibonyeze mara moja tu. Sikujiuliza kwa nini maji ya mtoni yagawiwe vikombe.

Sasa, mwanangu. Tunamwita Kibiriti, kwa kuwa ni mdogo wa umbo na huwaka upesi. Ana akili za kukera. Alichaguliwa kwenda shule ya bweni ambayo watoto wa mtaa wetu huiona kwenye kalenda tu. Na usiku akilala, halali, anakufa. Ngoma ikipigwa pembeni yake haamki. Nilimpima mkojo mwenyewe kazini, na juu ya kichupa sikuandika jina lake, niliandika namba. Hakuna maambukizi, hakuna sukari. Daktari akasema ni usingizi mzito, utaisha, tuwe na subira. Daktari haendi kulala kwenye chumba chenye vitanda ishirini na nne.

Tulipatana mimi na yeye, bafuni, tukikamua shuka, yeye upande huu mimi upande ule. Nilifunga kamba ndani ya bafu ili majirani wasione shuka zinaanikwa kila siku. Baba yake, fundi wa nguzo za umeme anayekuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, anajua na hasemi; ndivyo alivyo kwa kila jambo. Lakini nje ya hapo, Kibiriti alisema, hakuna mtu wa kujua.

"Hata bibi?"

"Hata bibi."

"Hata mama mdogo?"

"Hasa mama mdogo," akasema. "Yule akijua kitu, kinapata miguu."

Nikamwahidi. Nilishika neno langu kwa mdomo. Kosa langu lilikuwa vidole.

Kila siku ya kazi, saa nne na robo, naweka damu kwenye mashine ya kuzungusha. Inazunguka dakika kumi na mbili. Ni mashine ya zamani. Usipokaa nayo hutembea mezani kama mlevi, kwa hiyo nakaa nayo, mkono mmoja juu ya kifuniko, mkono mmoja kwenye simu. Ndipo nilipokuwa nikisoma. Kwenye tovuti ya mdogo wangu kuna kisanduku cha kutafutia, unaandika neno, kinakuletea kurasa. Watu wenye akili huandika "kukojoa kitandani". Mimi nilikuwa naandika kama naongea na mtu. Sina shoga wa kuongea naye mambo hayo, na mdomo nimeufunga kwa ahadi, basi nikakiongelesha kisanduku. "Godoro la tatu hili." Kinanijibu: hakuna kilichopatikana. Nami naona nafuu, kama mtu aliyetema kitu kichungu kwenye sinki.

Sikujua sinki lina mtu chini yake.

Baada ya kazi sikwenda nyumbani. Nilipokuwa natembea simu ikalia. Ujumbe wa wifi yangu, mke wa kaka. "Pole wifi, nimesoma nikajua ni nyinyi tu. Mpunguzie maji jioni. Wangu wa pili alikuwa hivyo hivyo lakini aliacha akiwa na miaka minne." Na picha ya mikono miwili inayoomba dua.

Miaka minne! Hata pole yake ilikuwa na mwiba. Nikahesabu haraka: kama wifi amejua, mume wake amejua. Kama yeye amejua, watoto wao wamejua. Na mmoja wa watoto hao anasoma darasa moja na Kibiriti.

Hapo ndipo nilipokumbuka wiki hiyo ilivyokuwa. Kibiriti alikuwa kimya. Alikuwa anafua shuka zake peke yake kabla sijaamka, anakamua peke yake, akiziacha zinadondosha maji kwa sababu mikono yake haina nguvu ya kukamua shuka la watu wawili. Nilimwuliza, akasema, "Nimekua, mama." Nikafurahi. Nikamsifu, hata.

Mdogo wangu alinifungulia mlango akiwa amejipaka nusu ya uso. Sebule yake ina kona moja nzuri, ya kupigia picha: kiti cheupe, ua la plastiki, taa ya duara. Kona tatu zilizobaki zina nguo ambazo hazijakunjwa.

"Dada! Bila hodi ya simu? Karibu. Nilikuwa najiandaa kurekodi. Nikuwekee chai?"

"Mama wa saa nne na robo ni nani?"

Alisimama. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu lilikuwa la mtu anayedhani amekamatwa akifanya wema.

"Umeisoma," akasema kwa sauti ndogo. "Umeipenda?"

"Nimesomewa. Kazini, na karani, mbele ya watu wanne."

"Sikutaja jina, dada."

"Ulitaja koti langu. Ulitaja umri wa mtoto wangu, na bweni lake, na muhula anaokwenda. Ulibakiza nini, saizi ya kiatu? Wifi yako ameshanitumia ushauri wa maji."

"Wifi ana mdomo, hilo si kosa langu."

"Wifi ana mdomo. Na wewe una nini?"

Akakaa kwenye kiti cheupe. Nusu ya uso wake iling'aa, nusu ilikuwa ya ndugu yangu. "Kila mwenye tovuti anaangalia wageni wake," akasema. "Kila mmoja, nakuapia. Utajuaje watu wanataka nini kama huangalii? Unapata namba: wangapi wameingia, simu gani wanatumia, wamekaa muda gani, wameandika nini kwenye kutafuta. Ni namba tu."

"Kazini kwangu pia ni namba tu," nikamwambia. "Tena sisi tunafunga daftari la majina kwenye droo, na ufunguo unakaa kwa bosi. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu namba ni namba mpaka mtu afungue daftari. Mimi namba yangu uliipata wapi?"

Akaitazama kompyuta iliyofungwa juu ya meza.

"Linki," nikasema. "Ile uliyosema ni yangu."

"Kila linki ina alama ya mtu wake; nilitaka kujua ni ndugu gani wanaonisoma kweli na ni kina nani wananidanganya. Basi tu! Kaka alikuwa anasema kila wiki 'nimesoma, hongera', na hajafungua hata mara moja. Ilikuwa utani wangu na mimi mwenyewe." Akainua macho. "Halafu ukaanza kuja. Kila siku. Dada yangu ambaye hajawahi kunisifia hata chai, anakuja kila siku. Unajua nilivyofurahi? Kisha nikaona unachoandika."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Miezi minne." Nilihesabu kwa sauti ili aisikie. "Miezi minne unakuja kwangu Jumapili, unakula, unamsuka mtoto wangu, unaniuliza habari, na mimi nasema nzuri, na wewe unasema alhamdulillah, kumbe una vitu vyangu mfukoni."

"Nilikuwa nasubiri uniambie!" Sasa na yeye alipaza sauti. "Kila Jumapili nilikuwa nasema leo ataniambia. Nikikusaidia vyombo, nanyamaza makusudi ili uniambie. Ulikiambia kisanduku, dada. Kisanduku! Mimi ndugu yako nimekaa hapa, unaongea na kisanduku."

Kulikuwa na ukweli hapo, sikatai. Ningekuwa mtu wa kulainika ningelainika.

"Kisanduku sikujua kina macho," nikasema. "Wewe nilijua una mdomo."

Akainama mbele. "Shuka la mpira, lile la godoro. Unadhani lilitoka wapi? Nilikwambia limezidi kwa rafiki yangu aliyejifungua. Nililinunua. Nilizunguka maduka matano nikitafuta la saizi ya kitanda cha mtu mzima, ili nisikuaibishe."

Shuka lile lililetwa wiki ile godoro la tatu lilipoharibika. Nilimshukuru Mungu. Nilisimama katikati ya chumba, shuka limenining'inia mikononi, nikasema, Mola, unaona mpaka ndani ya godoro. Sasa nilijua ni nani aliyekuwa akiona.

"Nionyeshe," nikasema.

"Nini?"

"Daftari lako. Fungua hiyo kompyuta, unionyeshe nilivyo humo."

Alikataa. Nikavuta kiti nikakaa. Ananijua, nikikaa nimekaa. Mwishowe akafungua.

Ilikuwa orodha safi, ya kupendeza, karani yeyote angejivunia. Upande wa kushoto majina aliyotupa. Dada Mkubwa. Kaka, sifuri. Wifi. Mjomba, ambaye kumbe husoma habari za chuchu zilizopasuka na hana mtoto mchanga, nikajuta kuona. Mbele ya kila jina tarehe, saa, dakika, kurasa, na maneno. Maneno yangu yalijaa skrini, nikayaona yamepangwa mstari kwa mstari kama nguo za ndani za mtu zilizoanikwa barabarani.

Kisha nikaona mkono wa mdogo wangu umeshuka chini ya skrini, kiganja kimefunika mistari ya mwisho.

"Toa mkono."

"Huko hakuna kitu."

"Toa mkono, mdogo wangu, kabla sijautoa mimi."

Akautoa. Jina lilikuwa Kibiriti.

Hata yeye alikuwa amepewa linki yake, siku ya kuzaliwa kwake, nadhani, aliposhika simu ya baba yake ya zamani. Kwa miaka yote mwanangu hakuwa amesoma kitu. Halafu Jumapili ile, barua ilipotoka, saa tisa alasiri: ameifungua. Saa tisa na dakika tano: ameifungua. Jumatatu, mara tatu. Mara kumi na nne zote kwa jumla. Na kwenye safu ya maneno, pale ambapo mama yake alikuwa akimwaga moyo, binti aliyesoma barua na kuelewa haraka kuliko mama yake kwamba kisanduku kina mtu ndani, aliandika:

"Tafadhali futa hii."

Siku iliyofuata: "Mama mdogo tafadhali futa."

Siku ya tatu: "Wanajua darasani."

Siku ya nne hakuandika kitu. Alifungua tu, akaangalia kama bado ipo, akafunga.

Taa ya duara ilikuwa inatoa mlio mdogo, kama mbu.

"Uliyaona haya," nikasema.

"Dada."

"Nauliza. Uliyaona, au hukuyaona?"

"Niliyaona." Machozi yalikuwa yanashuka upande uliopakwa, yakichora mistari. "Nilisema nitafuta. Nilisema nitafuta kesho. Ilikuwa imefika elfu sita, dada, halafu elfu tisa. Wanawake wananiandikia kutoka nchi ambazo sizijui, wananiambia umeniokoa. Sijawahi hata kufika elfu moja. Nikasema, siku mbili tu. Mtoto atasahau."

Mimi si mtu wa matusi. Nilikuwa na maneno mengi na sikuyatumia. Nilimwambia afute, nikiangalia. Akafuta. Akabonyeza mara mbili na barua ikatoweka. Lakini karani wangu alikuwa ameihifadhi, na wifi, na watu elfu kumi na moja kila mmoja na simu yake.

"Na jina la mtoto wangu kwenye orodha. Na langu."

Akafuta. Nikasimama.

"Utanisamehe?" akauliza.

"Nina chupa ishirini na mbili za kesho," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Njiani nilijua kitu kimoja: kwa Kibiriti, msaliti hakuwa mama mdogo. Barua ilisema mama ndiye aliyeandika. Ahadi niliyoitoa nikikamua shuka ilichapishwa pale pale, "nimemwahidi sitamwambia mtu", na chini yake elfu kumi na moja. Siku tisa mwanangu amelala chini ya paa moja na mtu aliyemuuza, akamwoshea vyombo, akamwambia "nimekua, mama".

Nilimkuta mezani anapiga mistari kwenye madaftari mapya ya bweni. Nikaketi mbele yake. Njiani nilikuwa nimetunga njia tatu za kuanza, zote zenye pamba. Nikaziacha.

"Ile barua ni ya kwangu. Nilikuwa naandika mambo yako kwenye tovuti ya mama yako mdogo. Nilidhani naandika hewani. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine, lakini niliandika, na ndivyo yalivyotoka. Kosa ni langu."

Rula haikusimama. "Najua."

"Imefutwa leo."

"Najua. Nimeangalia sasa hivi." Akapiga mstari mwingine, umenyooka kabisa. "Umejuaje kama mimi nimeisoma?"

Hapa ningeweza kudanganya. Ningesema nimehisi, mama huhisi. Angeamini, hata ingempendeza.

"Nimeona kwenye orodha yake. Inaonyesha kila mtu na alichoandika. Nimeona ulichoandika wewe."

Rula ikasimama. Aliniangalia, na nikaona kile kibiriti kinawaka, taratibu safari hii, bila kishindo.

"Kwa hiyo na wewe umesoma."

"Nimesoma."

"Mlikaa wawili mkasoma."

"Ndiyo."

"Nilimwandikia yeye, si wewe."

"Najua, mwanangu."

"Hujui," akasema. "Mama mdogo alisoma vyako, wewe umesoma vyangu, na kila mtu anasema ni kwa sababu ananipenda." Akakusanya madaftari yake yote mikononi, na rula juu yake. "Nitakwenda bweni. Usije ukasema siendi kwa sababu ya hili. Lakini mambo yangu nitayasema mwenyewe. Nikitaka."

Nikasema sawa. Shuka la kesho yake alilifua peke yake tena, nami nikabaki kitandani, macho wazi, nikisikia maji yanavyodondoka bafuni, nikijizuia kwenda kukamua.

Wiki mbili baadaye karani aliingia na simu yake. "Mama Mdogo ameandika nyingine! 'Barua kwa dada niliyemkosea.' Jamani, hii nayo..." Akasoma mstari wa kwanza, wa pili. Mdogo wangu alikuwa anaomba radhi vizuri sana. Alisema machozi yake hayajakauka. Alisema damu ni nzito. Kwangu hajawahi kuja kubisha hodi tangu siku ile, lakini huko alikuwa amepiga magoti mbele ya maelfu.

"Funga," nikasema.

"Subiri, sijafika pale..."

"Funga simu."

Karani akaniangalia. Akaangalia koti langu. Akaangalia saa ya ukutani, iliyokuwa saa nne na dakika kumi na saba, na mkono wangu uliokuwa umeshika kifuniko cha mashine. Mdomo wake ulifunguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu. Aliitia simu mfukoni, akachukua kikombe chake, akaondoka akitembea polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Siku ya kuripoti shule tulipanga foleni na masanduku yetu mpaka tukafika kwa matroni, mwanamke mnene, miwani imening'inia kifuani, mezani rundo la fomu. Alisoma ya Kibiriti kutoka juu mpaka chini. Chanjo ipo. Namba ya simu ya mzazi ipo. Mahali palipoulizwa kama mtoto ana tatizo lolote la afya palikuwa patupu.

"Mama, hapa hamkujaza," akasema. "Kuna lolote tunalopaswa kujua?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa na jibu zuri, la kitaalamu, lenye majina ya vipimo. Ningelisema kwa sauti ya chini, matroni angeitikia kwa kichwa, mtoto angepewa kitanda cha karibu na mlango, na mambo yote yangekwenda vizuri.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Matroni akageuka. Kibiriti alikuwa anaangalia sakafu. Kisha akainua uso, si kwangu.

"Lipo," akasema. "Lakini nitakwambia mama akitoka."

Matroni aliniangalia juu ya miwani, kama anayetafuta ni mzazi gani huyu. Nikabeba mkoba wangu, nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu. Ulikuwa mlango mwembamba, wa mbao nyepesi. Nilisikia kiti kinavutwa. Nikasikia sauti ya mwanangu inaanza, ndogo, ikiyachagua maneno.

Ukumbi ulikuwa na benchi pale pale mlangoni, limewekwa kwa ajili ya wazazi. Sikukaa. Nilitembea mpaka mwisho wa ukumbi, nikapita madirisha, nikapita mabomba ya maji, mpaka mahali ambapo sikuweza tena kusikia.